Namna ya kuandaa rufaa ukiwa gereza la Karanga (Moshi) au Kisongo (Arusha) bila wakili

Mtu akishasomewa hukumu na kupandishwa karandinga, siku zake za rufaa zimeanza kuhesabika kabla hajafika kwenye geti la gereza. Wengi hutumia wiki ya kwanza kulia, kuzoea selo na kujua nyapara ni nani. Wiki hiyo ndiyo ghali kuliko zote.

Maelezo haya ni ya aliyefungwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi: Rombo, Hai, Same na Mwanga rufaa zao zikienda Mahakama Kuu Moshi, Karatu, Monduli, Longido na Arumeru zikienda Mahakama Kuu Arusha. Aliyefungwa na Mahakama ya Mwanzo njia yake ni nyingine: anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Aliyehukumiwa na Mahakama Kuu yenyewe, kama kwenye kesi za mauaji, anakwenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani, na kwenye mauaji hupangiwa wakili kwa gharama za Serikali. Aliyebaki bila wakili ni yule wa mvua thelathini za unyang'anyi wa kutumia silaha au ubakaji, na ndiye tunayemwandikia hapa, pamoja na ndugu zake walio nje.

Siku kumi

Hatua ya kwanza ni kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu siku ya hukumu. Hukumu ikisomwa tarehe 3 Machi, mwisho ni tarehe 13 Machi. Haihitaji sababu yoyote. Ni karatasi moja yenye jina, namba ya kesi, mahakama iliyohukumu, tarehe, kosa, adhabu, na sentensi inayosema mfungwa anakusudia kukata rufaa.

Mambo matatu huharibu karatasi hii. Kwanza, kichwa chake. Juu iandikwe Mahakama Kuu unakokwenda, si mahakama iliyokufunga. Zipo rufaa zilizowahi kuondolewa kwa kosa hilo tu, baada ya mtu kusubiri mwaka mzima. Pili, kuandika kwamba unapinga adhabu peke yake. Andika "napinga kutiwa hatiani na adhabu", yote mawili, hata kama leo unachoona kibaya ni miaka. Tatu, kuamini kwamba ulivyosema kizimbani "nitakata rufaa" inatosha. Usiitegemee kauli hiyo.

Gerezani karatasi hii hupita ofisi ya mapokezi ya wafungwa, unaweka saini au dole gumba, inagongwa muhuri. Kabla hujaondoka pale mezani sema, "Afande, naomba nakala yangu yenye muhuri na tarehe." Nakala hiyo itunze kuliko sabuni. Ukija kuulizwa miaka miwili baadaye kama ulitoa taarifa kwa wakati, hakuna shahidi mwingine.

Aliyekiri kosa asome hapa kabla hajaendelea. Ukikiri, sheria inakuruhusu kukata rufaa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu, si juu ya kutiwa hatiani. Lakini kukiri kwenyewe kunaweza kuwa na kasoro: maneno yaliyoandikwa ni ya kubabaisha ("ni kweli lakini alinianza yeye"), au ulikiri kwa kutoelewa, au shtaka lenyewe halionyeshi kosa, au maelezo ya kesi uliyosomewa baada ya kukiri hayatoshi kuthibitisha kosa hilo. Moja likiwepo, mlango wa kupinga hatia unafunguka. Tafuta kwenye mwenendo (kumbukumbu ya kesi) maneno yako kamili yaliyoandikwa siku ulipokiri. Kama pale pameandikwa "ni kweli" peke yake, na mashtaka yalikuwa mawili au matatu, una pa kuanzia.

Kupata mwenendo na hukumu

Rufaa inaandikwa kutoka kwenye karatasi mbili: mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya kila kilichosemwa, na hukumu. Nakala ya hukumu ni haki ya mshtakiwa bila malipo. Barua ya kuziomba ipelekwe mapema, ikiwezekana pamoja na taarifa ya siku kumi. Ndugu aliye nje ana kazi hapa kuliko kwenye kulia getini: aende masijala ya mahakama iliyohukumu, ataje namba ya kesi, aulize nakala zimefikia wapi, aandike tarehe aliyokwenda na jibu alilopewa. Arudi baada ya wiki mbili. Tarehe hizo za ndugu zitakuja kuwa na kazi kama rufaa itachelewa.

Nakala zikifika, usianze kusoma. Hesabu kurasa kwanza. Angalia kama hati ya mashtaka ipo, na kama ilibadilishwa katikati ya kesi, zote mbili zipo. Angalia vielelezo: PF3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari juu ya majeraha), maelezo ya onyo (yale uliyoandikishwa polisi baada ya kuonywa), hati ya upekuzi na ukamataji, ramani ya eneo. Mara nyingi mwenendo unakuja na vielelezo havipo, na mfungwa anaandika rufaa juu ya PF3 ambayo hajaiona.

Kwa kesi za zamani mwenendo utakuwa wa Kiingereza, hata kama kila shahidi aliongea Kiswahili, kwa sababu hakimu alikuwa akitafsiri huku anaandika. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini bado utakutana na karatasi za Kiingereza. Herufi PW1 maana yake ni shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, DW1 ni wa kwanza wa utetezi. Hao ndio utakaokuwa unawatafuta. Rufaa yako iandike kwa Kiswahili bila woga. Kiingereza cha kuunga unga kimewapoteza wengi: mtu anaandika neno asilolijua maana, siku ya kusikilizwa jaji anamwomba afafanue, anabaki anamwangalia askari.

Kusoma mwenendo kwa kaunta buku

Hapa ndipo rufaa inaposhinda au kufa. Hasira ya mfungwa iko kwa yule aliyemtaja, au kwa mpelelezi, au kwa hakimu. Mahakama Kuu haiwajui watu hao. Inachokiona ni kurasa. Jambo ambalo halipo kwenye kurasa, hata liwe kweli namna gani, karibu ni sawa na halikutokea.

Chukua kaunta buku, piga mistari upate safu nne: ukurasa, shahidi, alisema nini, kasoro. Soma mwenendo wote mara moja bila kuandika kitu. Mara ya pili andika. Usiruke hata siku kesi ilipoahirishwa, maana kwenye kurasa za kuahirisha ndimo utakuta hakimu alibadilika.

Utambuzi wa usiku ndio uwanja wa kwanza kwa kesi za unyang'anyi. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, mahakama zetu zinataka shahidi aeleze kwa kina: mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, alikuwa umbali gani, alimwona mtu kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla. Kusema "kulikuwa na mbalamwezi" au "taa ilikuwa inawaka" hakutoshi. Kwa hiyo kwenye safu ya tatu andika maneno yenyewe aliyoyasema juu ya mwanga. Kama hayapo, andika "hakusema". Kisha tafuta shahidi alimtaja mtuhumiwa lini na kwa nani. Aliyekufahamu na akakaa siku nne bila kukutaja kwa mwenyekiti wa kijiji wala polisi, bila sababu, ushahidi wake una doa. Lakini kama alikutaja usiku uleule kwa majirani waliokuja kwenye mayowe, usipoteze wino hapo; hilo linamjenga yeye.

Vielelezo vya maandishi navyo vina utaratibu. Hati ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue kilichomo. Mwenendo ukionyesha imepokelewa na haikusomwa, omba iondolewe kwenye kumbukumbu. Hapa wengi wanashangilia mapema. PF3 ikiondolewa, daktari aliyesimama kizimbani akaeleza alichokiona bado ushahidi wake wa mdomo unabaki. Kwa hiyo baada ya kuiondoa hati, jiulize ni nini kimesalia, na ukishambulie nacho.

Maelezo ya onyo yachukuliwe ndani ya saa 4 tangu ukamatwe, isipokuwa muda uliongezwa kisheria. Muda wa safari hauhesabiwi. Tafuta saa ya kukamatwa kwa askari aliyekamata, na saa ya kuanza kuandikwa iliyo kwenye hati yenyewe. Swali gumu ni hili: yalipotolewa mahakamani, ulipinga? Ukisoma ukakuta pameandikwa "sina pingamizi", sababu hiyo imedhoofika sana. Mahabusu wanaosubiri kesi na kusoma hapa walishike hilo sasa, maana kwao bado halijapita.

Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, yaani nani alikamata, akampa nani, kikahifadhiwa wapi, kikafikaje mahakamani, una nguvu kwa vitu vinavyobadilishika kirahisi kama bangi, mirungi, risasi au fedha. Kwa ng'ombe au pikipiki yenye namba ya chesesi mahakama haikubali hoja hii kirahisi, kwa kuwa vitu hivyo havichanganywi na vingine. Mfungwa wa kesi ya ng'ombe anayejaza kurasa mbili kuhusu mnyororo anajichosha. Afadhali aulize ng'ombe walitambuliwa kwa alama gani, na kama mwenye mali alizitaja alama hizo kabla hajaonyeshwa mifugo.

Kwenye kesi za ubakaji wa watoto, umri wa mtoto uthibitishwe na mtu anayeweza kuujua: mzazi, daktari, cheti. Hati ya mashtaka kuandika umri si uthibitisho. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini kwanza anatakiwa aahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Tazama kama ahadi hiyo imeandikwa. Isipokuwepo ni hoja, ila usiweke mayai yote hapo, kwani mahakama hupima pia kama ushahidi wenyewe unaaminika.

Mengine ni ya haraka. Hakimu asaini mwisho wa ushahidi wa kila shahidi. Ila nakala iliyochapwa huruka saini, kwa hiyo omba jaji aangalie jalada halisi. Hakimu mpya akipokea kesi katikati, iandikwe sababu ya wa kwanza kuondoka. Baada ya kukutwa na kesi ya kujibu, uelezwe haki zako za kujitetea na kuita mashahidi. Hati ya mashtaka iendane na ushahidi: tarehe, mahali, vitu vilivyoibwa. Na soma hukumu uone kama utetezi wako umechambuliwa au umetajwa mstari mmoja ukatupwa.

Tofauti ndogo ndogo kati ya mashahidi, mmoja kasema saa mbili usiku mwingine saa mbili na nusu, hazimtoi mtu. Zinazotoa ni zile zinazogusa mzizi: mmoja kasema walikamata panga chumbani, mwingine kasema shambani.

Kuandika sababu

Sababu tano hadi saba zinatosha. Linganisha hizi mbili.

"Kwamba hakimu alinionea na kunihukumu bila haki kwa ushahidi wa uongo wa watu wenye chuki na mimi."

"Kwamba mahakama ilikosea kisheria kuamini utambuzi wa PW1 na PW2 waliosema tukio lilikuwa saa 8 usiku, wakati hakuna kati yao aliyeeleza taa ilikuwa wapi wala ukali wa mwanga wake (uk. 14 na 19), na PW1 alikiri hakunitaja polisi siku hiyo (uk. 16)."

Ya kwanza ni kilio. Ya pili inamwambia jaji afungue ukurasa gani. Kama una chuki ya kweli ya kuionyesha, ionyeshe vilevile: ukurasa gani ulimuuliza shahidi kuhusu mgogoro wa shamba, na alijibu nini. Kama hukumuuliza, imekwisha.

Kuna ugonjwa mmoja wa magerezani: kunakili rufaa. Mwenzako alitoka kwa sababu nane, basi sababu hizohizo zinazunguka bweni zima, na unakuta mtu wa wizi wa mifugo analalamikia PF3 ambayo haikuwepo kwenye kesi yake. Wazee wa gereza wanaoandikia wenzao wana ujuzi mkubwa, wengine kuliko wanavyodhaniwa na walio nje, lakini mwandishi akikuandikia bila kusoma mwenendo wako, chukua karatasi zako uondoke.

Adhabu nayo ina hoja zake. Ukihukumiwa kwa makosa mawili au zaidi, angalia kama hakimu alisema vifungo vitumikiwe kwa pamoja. Asiposema, vinafuatana, kimoja kikiisha kinaanza kingine, na miaka 5 mara mbili inakuwa 10. Omba lirekebishwe.

Ndugu wanaweza kusaidia kwa TanzLII, tovuti ya bure yenye hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Chapeni hukumu mbili au tatu zinazofanana na kesi, kurasa zenye hoja tu, mzipitishe ukaguzi wa getini kwa utaratibu. Msilete mzigo wa karatasi mia. Pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria na huduma yao magerezani; uliza ofisi ya mkuu wa gereza kama kuna dawati na huja siku gani.

Kuhesabu siku 45

Hati ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 45 tangu hukumu, lakini muda uliotumika kusubiri nakala hauhesabiwi. Kwa mfano, hukumu ni ya 3 Machi, mfungwa akaomba nakala mara moja, akazipokea 20 Mei. Akianza 21 Mei, siku ya 45 ni 4 Julai. Asingoje Julai. Na tarehe ya kupokea iandikwe, aisaini, agongewe muhuri, maana bila hiyo mahakama itahesabu kutoka Machi.

Mfungwa hapeleki mwenyewe mahakamani. Anamkabidhi mkuu wa gereza, na gereza ndilo linalopeleka. Ziwepo nakala za mahakama, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, gereza, na yako. Rufaa ya jinai haina ada. Anayekuomba hela "ya kufungulia jalada" anakula chako.

Muda ukishapita, usipeleke rufaa hivyohivyo, itaondolewa. Peleka kwanza maombi ya kuongezewa muda, yakiwa na kiapo. Kiapo kieleze kila kipindi cha ucheleweshaji: kuanzia lini hadi lini nilikuwa nasubiri nakala, lini nilihamishwa, lini niliugua. Majaji wanajua mfungwa hajiendeshi, lakini hawawezi kubuni sababu kwa niaba yake. Kiapo cha ziada cha afisa wa gereza kinachothibitisha kwamba karatasi zilikaa ofisini kina uzito mkubwa kuliko kurasa kumi za maombolezo. Omba kwa heshima. Wapo maafisa wanaoogopa kukiandika kwa kudhani wanajishtaki.

Siku ya kusikilizwa

Utaitwa, wakati mwingine kwa kupelekwa mahakamani, wakati mwingine kwa video kutoka gerezani. Nenda na kaunta buku lako. Jaji atauliza kama una la kuongeza kwenye sababu zako. Usizisome zote upya. Chagua mbili zenye nguvu, taja kurasa, nyamaza. Sikiliza wakili wa Serikali, kwa kuwa siyo mara zote anapinga. Akisema "Jamhuri inaunga mkono rufaa", usiingilie na hotuba.

Rufaa ya kwanza ni kama kusikilizwa upya kwa karatasi: jaji ana wajibu wa kupima ushahidi wote na kufikia uamuzi wake. Matokeo si kuachiwa au kukataliwa tu. Anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, ingawa hilo halitakiwi kufanyika ili tu upande wa mashtaka uzibe matundu yake; ukiliona linakuja, liseme. Na anaweza kuongeza adhabu. Aliyepewa chini ya kiwango cha sheria ajipime kabla ya kukata rufaa juu ya adhabu. Unyang'anyi wa kutumia silaha kiwango cha chini ni miaka 30. Aliyefungwa 15 akaamsha jalada anaweza kurudi bwenini na thelathini.

Dhamana wakati rufaa inasubiri ipo kisheria, ila hutolewa kwa nadra. Iombwe tu kama kifungo ni kifupi kiasi kwamba kitaisha kabla rufaa haijasikilizwa.

Ukishindwa, Mahakama ya Rufani hufanya vikao Arusha na Moshi pia. Taarifa ni siku 30 tangu uamuzi wa Mahakama Kuu, kupitia mkuu wa gereza. Sababu za rufani zinaandikwa ndani ya siku 21 baada ya kupokea kumbukumbu. Hapo hoja ziwe za sheria, na ziwe zilizokwishatajwa Mahakama Kuu. Baada ya hapo kuna mapitio, yaani Mahakama ya Rufani kuangalia upya uamuzi wake yenyewe, ndani ya siku 60, kwa sababu finyu mno. Si rufani ya tatu.

Wengi bado wanauliza kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa iko hapohapo Arusha, na wafungwa wa Karanga na Arusha waliwahi kushinda huko. Tanzania ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri, na tangu 22 Novemba 2020 mfungwa hawezi kupeleka shauri jipya. Yaliyofunguliwa kabla ya tarehe hiyo yanaendelea. Atakayekuandikia maombi mapya ya kwenda huko kwa malipo, mkatalie.

Mfungwa akihamishwa gereza, ndugu waandikie masijala barua ya mistari minne: jina, namba ya rufaa, gereza alilotoka, gereza alilopo. Wito ukienda Karanga wakati mtu yuko mkoa mwingine, rufaa inaahirishwa, na kuahirishwa hapo hupimwa kwa miezi. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.